Kasha la Diski ya Abubakari

Tik. Tik. Tik. Kisha mlio mwembamba kama wa mbu, kisha tena tik.

Yassini alichomoa waya kabla hata hajaitazama diski ya kompyuta. Mikono ilikuwa ya baridi mchana kweupe, chini ya bati linalochoma.

"Ni nini hicho?" mama yake, Mwanvua, aliuliza kutoka mlangoni.

"Inajipasha moto tu, mama."

Uongo. Diski ikianza kugonga hivyo, inakaribia kukata roho. Na hii ndiyo iliyobeba sura na sauti ya kaka yake, Abubakari, aliyefukiwa na shimo la dhahabu hapo Nyakunguru mwaka uliopita. Umeme uliokatika ukarudi kwa kishindo ndio ulioiunguza kompyuta ya nyumbani. Diski ikapona. Yassini, fundi redio asiyekubali kushindwa, akajigamba mbele ya majirani: kasha la dukani la nini? Atalitengeneza mwenyewe, aiunganishe diski na kompyuta ya kuazima, mama amsikie mwanawe.

Alikuwa amekata debe la mafuta ya kula, akalikunja, akatia feni ndogo ya kupoza. Diski akaikaza kwa skrubu, chuma juu ya chuma, na kasha lote akalipigilia mezani. Hakukumbuka kwamba nyuma ya ukuta karasha la jirani yao Agustina, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, lilikuwa linatafuna mawe, na likitafuna, vikombe hutembea vyenyewe kabatini. Mtikisiko wote ulipanda mezani, ukaingia kwenye debe, ukaishia ndani ya diski.

Sasa alipogundua, akalifungua kasha. Akachana mpira wa ndani wa baiskeli, akaining'iniza diski katikati ya kasha, isiguse chuma popote, kama mtoto kwenye mbeleko. Skrubu ikamponyoka. Ingewaka mara moja zaidi, labda. Labda isiwake kabisa.

Mpira peke yake haukutosha. Meza bado ilinguruma. Akatoka kwenda kwa Agustina, yule yule ambaye juzi Yassini alimwambia kwamba mdomo wake unashindana kwa kelele na mashine yake.

"Dada, naomba uzime kidogo."

"Leo umekuja kwa adabu. Mdomo wangu nao niuzime, mhandisi wa madebe?"

"Nimemfunga Abu kwenye kasha. Akitikisika tena, anapotea."

Agustina alimtazama usoni, akaiona hofu aliyokuwa anaificha. Akazima injini. Kimya kikaanguka ghafla, hata kuku wakasimama.

Yassini alipachika waya. Mlio mwembamba. Tik moja. Mama yake alikuwa ameshakuja kusimama nyuma yake, na Yassini hakuthubutu kugeuka. Kisha diski ikashika mwendo, ikazunguka laini. Akanakili kwanza kila kitu, meno yameumana, ndipo akafungua video ya mwisho, ile waliyoileta wenzake Abubakari baada ya mazishi.

Abubakari alikuwa kwenye mdomo wa shimo, tochi kwenye kofia, anacheka.

"Mama, shikamoo. Usiwe na wasiwasi. Mimi mwenyewe siogopi."

Nyuma ya kicheko, magogo yanayoshikilia kuta za shimo yakalia: kwaa. Abubakari akageuza shingo haraka, akairudisha, akacheka tena.

"Marahaba, mwanangu," Mwanvua alimwitikia. Kisha akamwambia Yassini: "Aliogopa. Umeiona hiyo shingo? Aliyasikia magogo, akaona haya kuchekwa na wenzake, akashuka."

Yassini alisimamisha video.

"Na wewe ukaniambia inajipasha moto."

"Mama..."

"Nimezaa watoto wawili, wote hodari wa kutoogopa. Mmoja nimemzika."

Nje, Agustina alikuwa bado anasubiri, mkono juu ya injini. Yassini aliondoa macho kwenye kioo cha kompyuta, akamgeukia mama yake, na uso wake ukiwa wazi, bila kuuficha, akasema:

"Nikiogopa tena, mama, nitakuambia. Kabla sijagusa kitu, wewe utajua kwanza."