Saa Iliyotangulia Bastola

Mjukuu wangu Kache, ambaye huniita Hawe, yaani nyanya, alishinda mita mia mbili mara mbili asubuhi ile, na mara zote mbili wakaambiwa warudie. Ilikuwa uwanjani Malindi, mwaka wa 1986. Mkoa ulitaka msichana mmoja tu aende Nairobi, na ushindi bila muda wa mashine haukukubaliwa.

Mara ya kwanza mashine ilisema sekunde thelathini na tisa.

"Thelathini na tisa!" alifoka Bwana Farjallah, mwenye bastola ya kuanzisha mbio. "Kwani alipitia sokoni? Miaka ishirini nimetumia filimbi, haijaniaibisha hata siku moja!"

Chini ya bastola palifungwa kidude cha kusikia mlio. Kikisikia, taa nyekundu huwaka na saa huanza kule kwenye kamera ya mstari wa mwisho. Fundi wake, Laban, alikuwa peke yake, akikimbia huku na huku. Alikwangua plagi kwa wembe, akabadilisha waya. Wakajaribu bastola: sawa. Wakajaribu tena: sawa. Wasichana wakakimbia: arubaini na moja.

"Inanichukia hii," Laban akasema, karibu kulia.

Mchanga ulikuwa unachoma. Mumbua wa Kibarani, aliyekuwa wa pili mara zote, alitandika sweta yake, akamvuta Kache wasimame wote wawili juu yake. Hakuna aliyemtuma.

Walipoitwa mstarini mara ya tatu, nilipiga vigelegele kama kawaida yangu, hatua mbili nyuma ya Bwana Farjallah. Nikaona taa imewaka. Naye mkono wake ulikuwa bado chini.

"Laban mwanangu," nikasema, "ni mimi."

"Wewe nini, nyanya?"

"Saa yako naianzisha mimi."

Akaniomba nipige tena. Taa ikawaka.

"Lahaula!" Bwana Farjallah akashika kichwa. "Tangu asubuhi tunakwangua plagi, kumbe ni koo la huyu mama!"

Nilitamani ardhi inimeze. Miguu ya mtoto ilikuwa imechoka kwa sababu yangu. Laban hakunigombeza, alinibebea mkeka wangu hadi upande wa pili wa uwanja, kisha akarudi mbio.

Bastola ikalia. Safari hii Kache na Mumbua walifika bega kwa bega, nisijue nani katangulia. Laban akaingia hemani kuosha filamu. Tukangoja, watu wakinung'unika. Akatoka na picha ikidondoka maji.

"Ishirini na sita nukta mbili. Kache, kwa kifua tu."

Kache alikuwa amelala chali nyasini. Hakuinuka.

"Hawe," akaniambia, "waambie wasirudie tena."