Sura ya Ng'ombe

Mvua za mwaka tisini na saba zilipoikata Garsen pande zote, Abdia na mwalimu mwenzake, Jotham, waliamua kufanya jambo waliloliahirisha kwa miaka: kila mmoja aandike riwaya. Shule zilikuwa zimefungwa, na mwezi wa Shaabani ulikuwa umeandama juzi tu.

"Tumalize kabla ya mwezi wa Ramadhani kuonekana," alisema Jotham. "Iwe mbaya, iwe nzuri, iishe tu. Na hakuna kufuta."

Abdia aliandika kama anayefukuzwa. Riwaya yake ilimhusu mfugaji wa Kiorma, na katikati palihitaji msiba. Akawaua ng'ombe wote kwa maradhi katika ukurasa mmoja, kisha akampeleka mfugaji mjini kutafuta kazi. Hadithi ikashika kasi. Akafurahi.

Wiki iliyofuata baba yake, Mzee Bule, alifika kwa mtumbwi, amelowa hadi kifuani, mkononi ana fimbo tu. Ng'ombe walitupa mimba, alisema, kisha wakaanza kuanguka. Maji yalizuia kuwahamisha. Hakubaki hata ndama.

Baada ya hapo hakusema tena. Alishinda mlangoni akitazama maji. Abdia naye hakuweza kushika kalamu. Alijua ni upuuzi, lakini alijiona kama aliyewatakia ng'ombe wale mauti.

Asubuhi moja mzee akauliza, "Mbona huandiki tena?"

Akamweleza kwa shida. Mzee akataka asomewe. Abdia akausoma ule ukurasa, akiugeuza kwa Kiorma kadiri alivyosoma.

"Wamekwisha?"

"Wamekwisha, baba."

"Haraka hivyo?" aliuliza mzee. "Yule jike mweupe, wa kizazi cha ng'ombe wa arusi ya mama yako, kila aliponisikia nikisema alijaribu kusimama. Kutwa nzima. Ikabidi ninyamaze, ndipo akafa."

Machozi yakamtoka Abdia. Akaketi sakafuni karibu na miguu ya baba yake. "Niambie na wengine."

Mzee akawataja mmoja mmoja, asubuhi ile na nyingine zilizofuata. Abdia aliandika taratibu. Safari ya mjini akaikata yote.

Ramadhani ilipoandama, Jotham alikuja na riwaya yake, imekwisha. Alimpa mzee pole kwanza, akakaa naye mlangoni, kisha akamgeukia Abdia.

"Na wewe, mwalimu?"

"Bado niko sura ileile."

"Basi umeshindwa."

"Nimeshindwa," Abdia alijibu, na hakuona uchungu.

Riwaya ilimchukua miaka miwili. Mzee Bule hakufuga tena. Abdia alipomsomea kitabu kizima, mzee alisikiliza kwa utulivu mpaka walipoifikia sura ile. Akanyoosha mkono juu ya karatasi.

"Hiyo naijua, mwanangu. Iruke."