Akaunti ya Chapuchapu

Jumatatu asubuhi, fundi wa hifadhidata katika ofisi ya maji alimfungulia akaunti binti wa dada yake, aliyeanza ukarani siku hiyo. Aliomba dua fupi kwanza, kama kawaida yake kabla ya kugusa seva.

Pale ofisini akaunti hazikuundwa upya. Ili kuokoa muda, mgeni alinakiliwa ruhusa zote za aliyemtangulia. Aliyetangulia alikuwa Chapuchapu, karani mzee aliyefia mezani kabla ya kumaliza chai yake. Fundi akaandika jina la binti, akampa nywila, akanakili ruhusa za marehemu, akabonyeza.

Saa nne binti alianza kukohoa kikohozi cha Chapuchapu. Kufika adhuhuri, bega lake la kushoto lilikuwa limepanda karibu na sikio, kama la marehemu. Alijua bila kuambiwa kwamba droo ya pili hufunguka kwa teke.

"Umekula?" fundi akamuuliza.

"Bado bili, mama mdogo. Halafu malalamiko, halafu mita, halafu mishahara."

"Hiyo kazi ya watu wanne."

"Nami naona hivyo. Mikono ndiyo haisikii."

Mtunza stoo alikuwa anapita. "Chapuchapu, umerudi?"

"Nimerudi."

"Basi nipe kikombe changu."

Binti akakitoa kwenye droo ya pili.

Fundi hakutulia. Alikaa, akainuka, akafunga dirisha, akalifungua tena. Mwishowe akaanza kuondoa ruhusa. Alipoondoa ya mishahara, bega likashuka mahali pake. Alipoondoa ya mita, kikohozi kikakoma. Alipoondoa ya malalamiko, binti alicheka kile kicheko chake cha tangu utotoni, akaomba chai.

Meneja akaja. "Mishahara anafanya nani?"

"Tuajiri wengine, bosi. Huyu ni mwanangu."

"Mwenzake aliweza miaka yote."

"Mwenzake yuko kaburini."

"Mbona asubuhi alikuwa hapa?" meneja akasema. "Rudisha."

Fundi akarudisha ruhusa moja baada ya nyingine, midomo ikichezacheza kwa dua. Binti akakohoa, akasukuma chai kando ikiwa nusu.

"Mwambie mama nitachelewa," alisema kwa sauti ya mzee, macho kwenye skrini.

Fundi akaisogeza chai karibu na mkono wa binti. Kila ilipopoa, aliibadilisha.