Tiki ya Gramafoni Namba Tisa

Walimwita Bwana Santuri, na jina lilimkaa kama kofia yake mwenyewe. Chumba cha nyuma cha nyumba yake kilijaa gramafoni kuukuu, kila moja na kadi yake ya kueleza ilitengenezwa lini, ina springi ngapi, pembe yake ni ya bati au ya mbao. Marehemu mkewe alikuwa akiwategea wageni kitendawili: nina watu chumbani, midomo wazi mchana kutwa, na hakuna anayeomba chakula.

Tangu amzike mkewe, mzee huyu hakulia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuja tu, kama mgeni aliyesahau siku. Alikula alichowekewa, akalala, akaamka, akarudi kwenye kadi zake. Binti yake, aliyehamia kumwangalia, alimletea chai, naye aliinywa kama anayemimina maji kwenye ndoo.

Siku hiyo alikuja rafiki yake, fundi saa. Chama chao cha wakusanyaji kilikuwa kinaandaa kitabu cha mashine zao, na gramafoni namba tisa ya Bwana Santuri ndiyo ingekaa mwanzo. Sababu ilikuwa tiki. Namba tisa ikizunguka, chini ya wimbo husikika tik, tik, kama mtu anayehesabu kwa ulimi. Mzee aliuchunguza mlio huo miaka na miaka, akauliza huku na huku, mpaka akakata shauri: ni alama ya kiwanda, walioiga hawakuiweza. Akaandika hivyo kwenye kadi. Wanachama wakaamini. Fundi saa mwenyewe nusura auze ya kwake kwa kuwa ilikuwa kimya.

"Lazima tuifungue tuipige picha ndani," fundi saa alisema.

"Haijafunguliwa tangu niipate."

"Basi itatuonea haya. Lete bisibisi, bwana harusi."

Wakaing'oa pembe, wakaigeuza mashine. Ndani, pale panapozuia mashine isiende mbio, huzunguka vitonge vitatu vya chuma kwenye vipande vyembamba vya springi. Viwili vilikuwepo. Cha tatu kilikuwa kifungo cha shaba cha koti, kimekazwa kwa uzi mweusi.

Fundi saa alicheka mpaka akakohoa. "Alama ya kiwanda! Kiwanda gani hiki kinashona?"

Bwana Santuri hakucheka. Alitazama nyuma ya mlango, lilipokuwa likining'inia koti la kahawia la mkewe. Kifungo cha tatu hakikuwepo. Mama yule alilifunga kwa pini mpaka mwisho. Mumewe alipomletea vifungo vipya, alivikataa, akasema, "Kitendawili!"

"Tega."

"Mke mwenzangu amevaa changu, na bwana wetu hana habari."

Mke mwenza ndilo jina alilozipa gramafoni zote. Mzee alibahatisha mara mbili tatu, akashindwa. "Basi nipe mji," mkewe alimwambia. Lakini mzee alikuwa na kadi mkononi, hakutoa mji, na mama akabaki na jibu lake. Bila shaka aliiangusha mashine akifuta vumbi siku ileile ilipoletwa, akaitengeneza kabla mumewe hajarudi kuisikiliza.

Fundi saa alikuwa ameacha kucheka. Akatoa kitonge mfukoni. "Ninacho halisi, nimekitoa kwenye mashine mbovu. Tukikiweka, unafuta mstari mmoja kwenye kadi, yamekwisha. Ukiacha kifungo, haiingii kitabuni. Wanataka mashine isiyoguswa. Na watakucheka, ndugu yangu. Mimi nitawaongoza."

"Kiweke tuisikie."

Wakakiweka, wakazungusha mkono wa mashine, wakashusha sindano. Wimbo ukatoka laini kama mafuta. Chini ya wimbo hapakuwa na kitu. Mzee alisikiliza mpaka santuri ikaisha, mikono magotini, uso kama ukuta.

"Safi kabisa," fundi saa alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Kitoe."

"Nini?"

"Kitoe. Rudisha kifungo."

"Na kitabu?"

"Weka ya kwako mwanzo. Ile bubu."

Fundi saa alimtazama, akashika bisibisi, akakirudisha kifungo. Bwana Santuri akavuta kadi, akafuta maneno ya kiwanda, akaandika polepole: *Tiki ni kifungo cha koti la mke wangu. Fundi ni yeye.* Kisha akazungusha mkono mwenyewe. Tik, tik, tik.

"Haya, nimekupa mji," akasema, macho kwenye koti.

"Mji gani?" fundi saa akauliza.

"Wowote. Achague mwenyewe."

Binti akaingia na chai, akashangaa kuwakuta wamekaa na mashine inaimba. Baba yake akapiga funda moja, akasita, akatazama ndani ya kikombe.

"Hii chai haina sukari."

"Haina tangu wiki iliyopita, baba," binti akasema. "Nilikuwa nangoja useme."