Mbuzi wa Mama Mkwe

Mzee Machage alikuwaga habishi hodi. Nyumba ilikuwa yake, hapa mtaa wa Kitaji, na mwenyewe alilala humo humo, vyumba vinatazamana kwenye korido moja chini ya bati moja, na kila chumba alikiona kama mfuko wa koti lake. Anasukuma mlango, anaingia, anafunua sufuria. Akikuta furu, vile visamaki vya maskini, anasema moshi wangu unachafua ukuta. Akikuta sato, anasema kumbe nina uwezo, kodi ipande. Siku moja nikapika mlenda mtupu kwa makusudi. Akaomba ugali wa kulia.

Mimi ni Dafroza, mjane, mtu wa Kibara, fundi cherehani. Chumba changu kilikuwa cha mbele, chenye dirisha la barabarani, na dirisha hilo ndilo lililokuwa likinilisha. Mtu akipita anaiona cherehani, anakumbuka suruali yake iliyochanika. Fundi bila dirisha ni mwanamke anayepiga kelele chumbani, basi.

Miaka ile maduka yalikuwa matupu, kila kitu kilikuwa cha kutafuta. Hata komeo la mlango nililipata kwa kumshonea mtu gauni. Nikamwonyesha Machage, nikamwomba ruhusa nilifunge kwa ndani.

"Nyumba ni yangu," akasema. "Unamfungia nani?"

Nikakosa jibu. Nikalitupia komeo kwenye kopo la vifungo, na siku hiyo hasira haikuniacha hata nile.

Halafu biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaruhusiwa, akaja kijana mmoja anaitwa Clementi kutoka Mwanza na marobota yake, anatafuta chumba cha barabarani. Akalipenda dirisha langu. Jamani, mtu wa mitumba amtoe fundi wa nguo! Machage akaingia, bila hodi, akaniambia nijiandae kuhama harusi yake ikiisha.

"Kwa nini tungoje harusi?" nikamuuliza.

"Si bado hujamaliza suti yangu?"

Ndiyo, mzee alikuwa anaoa. Mke wake wa kwanza alishafariki, na sasa alikuwa amempata Getruda, msichana wa Kibara, tena wa ukoo wetu hasa. Babu yake na babu yangu walikuwa ndugu. Alimpenda, hilo simnyimi. Ukimtajia Getruda alikuwa anasahau hata sufuria.

Shida ikaja kwenye mbuzi wa mama. Kwetu ng'ombe wa mahari ni wa baba na ndugu zake, lakini kuna mbuzi mmoja wa mama wa binti, na mama asipomla, ndoa haijafungwa. Mama yake Getruda alikuwa marehemu, kwa hiyo ilibidi mbuzi aliwe na mwanamke mwingine wa ukoo, badala yake. Shangazi wa kumla alikuwepo Kibara. Petroli ya kumfuata ndiyo haikuwepo, na Machage alikuwa na haraka. Akachungulia kwangu.

"Dafroza, wewe si ukoo mmoja na hawa? Umle wewe, tumalize."

"Mzee, una uhakika?"

"Mbuzi ni mbuzi tu."

Alikulia mjini, mambo ya wazee aliyajua nusu nusu. Mimi niliyajua yote, na hakuniuliza. Mbuzi akachinjwa, na Bernado, baba mdogo wa Getruda, aliyekuwa ametangulia kuja kwa ajili ya mahari, akanikabidhi nyama yangu mbele ya watu wote. Nikala polepole. Ilikuwa ngumu kidogo lakini sikubakiza.

Harusi ikapita. Jumatatu mlango ukasukumwa, Machage huyo, amekuja kunitoa. Mkono ukaenda kwenye sufuria kwa mazoea, akafunua. Nyuma yake likapigwa yowe.

"Mume wangu! Umeingia kwa mama!" Ni Getruda, amejifunika uso kwa kanga. "Unamfunulia mama mkwe wako sufuria!"

Kwetu mkwe haingii kwa mama mkwe, hamtazami usoni, wala hasimami mlangoni pake. Na aliyekula mbuzi ndiye mama, hata awe nani. Mzee na mvi zake, mbele yangu mimi ambaye ningeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, akabaki na kifuniko mkononi, anaunganisha mambo kichwani. Nilimwacha aunganishe.

"Shikamoo, mama," akasema, macho darini.

"Marahaba, mwanangu. Rudisha kifuniko."

Akatoka kinyumenyume, akajigonga kwenye mlango. Nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke.

Lakini hakuwa mjinga. Kesho yake akamtuma Getruda: mkwe na mama mkwe hawalali chini ya bati moja, kwa hiyo mama ahame. Hapo nikaona amenipata. Ni kweli kabisa, na bati lilikuwa moja. Nikaanza kupanga nyuzi zangu kwenye boksi huku sijui hilo boksi linaenda wapi.

Tukaitana kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Pelagia. Bernado akaja, maana alikuwa hajarudi Kibara. Machage alibaki nje ya dirisha, ametugeuzia mgongo, ili asinione.

"Hawalali bati moja," akaiambia barabara.

"Kweli," akasema Bernado. "Sasa mkwe akikutana na mama njiani, nani anaingia majanini?"

Machage akajifanya anakohoa.

"Nauliza, nani anapisha?"

"Mkwe," ikasema sauti ya nje, ndogo.

"Basi pisha. Na ukimfukuza mama, binti naye tunarudi naye Kibara."

"Lakini nyumba ni yangu!"

"Nani amekataa?" akasema Mama Pelagia. "Nyumba ni yako. Kulala ndiyo huwezi."

Machage akahama. Saruji ya kujengea nyingine haikupatikana, akapanga. Clementi alikuwa ameshapata nyumba nzima ng'ambo ya barabara, duka mbele, na chumba cha uani akampangisha Machage na mkewe. Mimi kodi nikawa nampa Getruda, na mlango wangu hakuna aliyeusukuma ila mimi. Mitumba yenyewe haikuniua. Zile suruali zilikuwa pana, zote zilitaka kupunguzwa, na dirisha lilikuwa palepale.

Jioni moja Getruda akaja, akapiga hodi, akangoja nimkaribishe.

"Mama, mkwe wako anakusalimia. Anasema Clementi anaingiaga tu, hodi hana. Jana amefunua sufuria yetu, akasema kumbe tuna uwezo."

Nilitaka kucheka. Lakini nilijua inavyokuwaga: umeshika mwiko, na mtu mzima anakukagulia chakula. Nikamwonea huruma yule mzee, na sikuwa nimepanga. Nikaenda kwenye kopo la vifungo, nikatoa komeo, jipya, halijawahi kuona msumari.

"Mpelekee. Mimi silihitaji tena."

Akaligeuzageuza. "Na Clementi akisema nyumba ni yake, anamfungia nani? Mzee ajibu nini?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Mimi jibu sikulipata. Mimi nilipata mbuzi."