Mishono Saba ya Gauni la Njano

Haya, jisogeze nikutegee kimoja kabla hatujaenda mbali. Nguo za mtaa mzima ziko juu ya bega lake, na miaka nenda miaka rudi hatoki alipo. Ni nani?

Umesema kamba ya kuanikia, nimekusikia. Umepata nusu. Nusu nyingine ni dobi mmoja wa nyuma ya soko, huko mji mkuu, mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuwahi kulala nje ya chumba kilichopakana na duka lake.

Mkewe walimwita Mama Vifungo, kwa sababu shati lililoingia dukani bila kifungo lilitoka nacho. Walizaa, wakalea, wakaozesha, yote katikati ya mvuke wa pasi na wateja wanaogonga kaunta. Binti yao muuguzi alipochoka kuwaonea huruma, akawatafutia chumba cha siku tatu katika nyumba ya wageni huko shamba, akamwagiza mumewe awapeleke kwa gari. Dobi alitoa visingizio mpaka vikamwishia.

Siku moja kabla ya safari, Mama Vifungo alikuwa anafungasha. Chini kabisa ya sanduku la bati akakuta gauni lake la njano la usichana. Akajaribu kulivaa, likagoma mabegani, akacheka peke yake. Alipoligeuza, akaona ndani ya pindo mishono saba ya uzi mwekundu.

Hapo ngoja nikueleze. Dobi hakuwa mtu wa kuandika vikaratasi. Nguo ya kuchukuliwa leo aliitia mshono mmoja mwekundu ndani ya pindo, ya kesho miwili, ya keshokutwa mitatu. Zaidi ya mitatu hapakuwa, maana mteja gani angengoja? Mama Vifungo alishahesabu mishono ya namna hiyo mpaka vidole vikaijua bila macho. Saba hakuwahi kuiona.

Na gauni lile lilikuwa na kisa. Alilipeleka kwa dobi huyu huyu akiwa msichana, kabla hajawa mumewe, ili alivae harusini kwa shangazi yake. Kila alipokwenda kulichukua aliambiwa bado, njoo kesho. Harusi ikapita, naye akaihudhuria na gauni la kuazima.

Akatoka nalo hadi kaunta. "Mzee wangu, mishono saba ni ya siku gani?"

Dobi akalitazama gauni, akaitazama pasi, masikio yakamwiva. Wateja watatu walikuwa wanangoja. Akanong'ona kwamba hilo si la kusemwa mbele za watu, wakifika shamba atamwambia.

Mama Vifungo akalikunja. "Sawa. Huko hakuna wateja. Usiponiambia huko, najua hutaniambia tena."

Asubuhi wakaondoka. Dobi alikaa mbele na mkwe, na kila waliposimama kwenye taa akawa anahukumu kola za wapita njia: yule pasi ilikuwa ya baridi, yule wanga umezidi, yule kafuliwa na mtu mwenye hasira. Mkwe, ambaye shati lake alikuwa amelipiga pasi mwenyewe, aliendesha amejibana kwenye usukani lisionekane. Ghorofa zikapungua, honi zikanyamaza, lami ikaisha, na harufu ya nyasi zilizolowa ikaingia madirishani. Mama Vifungo akavua viatu humo humo garini. Alijiona kama msichana aliyetoroka shule.

Nyumba ya wageni ilikuwa na vyumba sita, baraza ndefu, na nyuma yake uwanja wa majani. Uwanjani palikuwa na kamba ya kuanikia, ndefu hatua arobaini, jua likiipiga tangu kuchomoza hadi kuzama. Kule mjini kamba ya dobi ilibanwa na kuta mbili, na jua lilikuja nusu saa tu kama mgeni mwenye haraka. Akasimama akaitazama kamba ile kama watu wengine wanavyomtazama mtoto mchanga. Mkewe akamwona, akajua kazi imewafuata.

Na kweli. Asubuhi alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu, na kambani shuka kumi na mbili zilikuwa zinapepea. Dobi alikuwa amekuta kikapu cha shuka mlangoni pa kila chumba, na kwa dobi kikapu mlangoni ni kazi iliyoletwa. Kumbe zilikuwa safi. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kuita darasa zima, alikuwa ameziweka ili wageni wabadilishe.

Mwalimu akaja mikono kiunoni, akauliza, kwa upole wa kumuuliza mtoto aliyekula chaki, ni nani aliyesema shuka zile ni chafu. Dobi akajibu kwamba hakuna aliyesema, ila usafi wake ulikuwa wa kuombea radhi. Mwalimu akacheka mpaka akashika nguzo. Lakini zilipokauka akazipapasa, akazinusa, na kufika adhuhuri alikuwa ameleta pasi ya mkaa na mapazia ya nyumba nzima.

Basi siku hiyo ikaenda, na ya pili ikaifuata, dobi akipiga pasi na mluzi. Mama Vifungo alishuka peke yake hadi kijitoni, akatia miguu majini, akala mapera mawili, akajisikia raha na hasira kwa pamoja. Aliporudi akalitundika gauni la njano mwisho wa kamba, ndani nje, mishono saba ikimtazama mumewe. Jioni dobi akalirudisha limenyooshwa na kukunjwa vizuri.

Siku ya tatu mkwe alikuwa anakuja saa nne. Mama Vifungo aliketi barazani, begi limeshafungwa, gauni mapajani. Vikapu vilikuwa milangoni, safari hii shuka ni chafu kweli, maana mwalimu si mjinga. Dobi akatoka. Akakitazama kikapu, akaitazama kamba, akalitazama jua. Mkono ukashuka kuelekea kikapuni. Mkewe akageuza uso asione.

Dobi akainua suruali kidogo, akakiruka kikapu, akaja kuketi kando yake. Mwalimu akaita kutoka jikoni kwamba maji yameshachemka.

"Leo tumefunga, mwalimu," dobi akajibu.

Neno hilo Mama Vifungo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Akaona mikono ya mumewe haijui pa kukaa, akaipa pindo la gauni. Dobi akaihesabu mishono kwa kidole gumba.

"Mtu akishachukua nguo yake haonekani tena mpaka ichafuke," alisema polepole. "Kila ulipokuja nikakuambia bado, ulipotoka nilitia mshono mmoja."

"Mpaka nikaenda harusini na gauni la watu linanibana makwapa," Mama Vifungo akasema. "Lilikuwa zito kiasi gani hilo, wiki nzima halikauki?"

Gari la mkwe likasikika kwa mbali likipanda kilima. Dobi akalitandaza pindo juu ya goti la mkewe.

"Lilikauka siku ileile uliyolileta, mama watoto," alisema. "Aliyekuwa bado ni mimi, sijapata la kukuambia."