Barua za Mwalimu Kemboi

Mwalimu Kemboi hakunywa pombe. Alilelewa na walokole kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na hata busaa ya harusi yake mwenyewe, iliyoletwa na wakwe zake kutoka Sirisia, aliipisha kwa heshima. Lakini kufikia mwaka wa 1990, pale Kiminini alikofundisha darasa la sita, kila mtu alikuwa na hakika kwamba anakunywa. Mkono ulitetemeka akishika chaki. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakitoka kama ya mtu aliyeamshwa ghafla. Akitembea aliyumba. Siku moja alianguka mbele ya wanafunzi waliojipanga mistari asubuhi, watoto wakacheka, na jioni hiyo mwalimu mkuu akamwambia aende nyumbani apumzike mpaka aitwe. Hakuitwa.

Mke wake, Nasambu, alikuwa fundi wa cherehani mjini Bungoma. Walikutana mwaka wa 1986, Kemboi alipokuja huko kwa semina ya walimu na suruali yake ikanaswa na msumari wa benchi, ikachanika. Nasambu alimpa leso ajifunge, akamkalisha nyuma ya pazia la kibanda chake cha ushonaji, akaanza kushona. Waliongea kupitia lile pazia kwa saa nzima. Suruali ilikuwa imekwisha zamani, lakini Nasambu hakusema.

Tangu wiki hiyo Kemboi alimwandikia barua, na hata baada ya harusi hakuacha, maana Nasambu alibaki na kazi yake Bungoma na walikuwa wakionana mwisho wa juma tu. Alikuwa na mwandiko wa kupendeza, wa mwalimu hasa, herufi zimesimama kama watoto waliooga. Alimwandikia habari za mahindi ya shamba la shule na za ng'ombe wa jirani. Mwisho wa kila barua kulikuwa na mistari michache ambayo Nasambu aliisoma akiwa peke yake.

Mume aliporudishwa nyumbani, Nasambu alifunga kibanda, akahamisha cherehani Kiminini. Mchana alishona, asubuhi na jioni alimvisha mume wake na kumlisha, na binti yao Sally, aliyekuwa na miaka miwili, akajifunza kumpanguzia baba yake mdomo kwa pindo la gauni lake.

Walizunguka sana kutafuta matibabu. Daktari mmoja alisema ni malaria ya kichwa, mwingine akasema ni mawazo. Wa tatu aliwashauri wamtafutie nafasi mahali wanapotibiwa wenye wazimu. Kanisani waliombewa mara tatu, roho ya ulevi ikikemewa, na Kemboi, ambaye akili yake ilikuwa timamu kabisa, alipiga magoti na kuvumilia. Ndugu wengine wa ukoo walianza kunong'ona kuhusu mke aliyetoka Bungoma na mambo ya kwao. Mama yake Kemboi, Chelangat, alisikia minong'ono hiyo. Alifunga safari kutoka mlimani, akaketi na Nasambu jikoni siku nne akimenya viazi, na kila mgeni aliyekuja alimwambia kwamba huyu ndiye binti yake.

Mnamo 1991 walisikia kwamba mtaalamu wa magonjwa ya neva, Daktari Thuo, anakuja Kitale mara moja kwa mwezi. Kemboi na Nasambu walienda pamoja na Chelangat na mtoto. Chelangat alibaki nje kwenye benchi na Sally mgongoni. Ndani, daktari alisoma karatasi walizotoka nazo kwingine, akauliza, bila kuinua kichwa, mgonjwa hunywa pombe kiasi gani kwa siku.

Kemboi alijaribu kujibu, ulimi ukakataa. Nasambu alimshika goti.

"Daktari, huyu ni bwana yangu," alisema. "Mimi ndio namfungia vifungo vya shati. Angekuwa anakunywa, si pua yangu ingejua kabla yenu?"

Kisha akatoa bahasha kwenye kikapu. Kila daktari alikuwa amewauliza ugonjwa ulianza lini, na hakuna aliyewahi kupata jibu la maana, kwa hiyo Nasambu alikuwa ameketi nyumbani na kupanga barua zote za mume wake kwa tarehe. Alizitandaza mezani, kuanzia ya 1986.

Daktari Thuo alivaa miwani. Barua za kwanza zilikuwa zimenyooka. Machi 1989, mkia wa herufi ya mwisho kwenye kila neno ulianza kutikisika, kidogo tu, kitu ambacho mtu angedhani ni meza mbovu. Kufikia Desemba maneno yalikuwa yamejikunja kuwa madogo. Barua ya mwisho, ya Juni 1990, mistari ilipanda na kushuka na jina la Nasambu lilikuwa na herufi mbili zilizorukwa. Daktari alirudi nyuma, akaja mbele, akarudi tena. Nasambu aliona kwamba sasa hasomi maneno. Alikuwa anafuata mkono.

Hatimaye alimuuliza Kemboi kama ana ndugu. Nasambu alifungua mlango, akamwita Chelangat. Mama alisimama katikati ya chumba na mjukuu mgongoni, akaeleza kwamba alizaa wanne. Wa kwanza ameolewa, mzima. Wa pili alikuwa Kibiwott. Akiwa na miaka kumi na mitatu macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, wakamzika kabla mvua haijaanza. Waliambiwa ni ini. Tangu hapo hakuna daktari aliyewahi kumuuliza habari za Kibiwott, kwa hiyo na yeye hakuzisema. Wa tatu ni huyu Kemboi. Wa mwisho, Chesang, alikuwa kidato cha tatu.

Daktari aliinuka, akampeleka Kemboi kwenye chumba cha macho, mahali palipokuwa na taa yenye hadubini ya kuchunguzia macho. Alichungulia muda mrefu. Kisha akamwachia Nasambu kiti chake. Kwenye mwanga mwembamba, pembeni kabisa mwa weusi wa jicho la mume wake, palikuwa na duara la rangi ya kahawia iliyoelekea dhahabu, kama alama ya kikombe mezani. Nasambu alikuwa ameyatazama macho hayo miaka mitano na hakuwahi kuliona.

Daktari aliwaeleza polepole. Ni ugonjwa wa nadra, unaitwa ugonjwa wa Wilson. Mwili unashindwa kutoa shaba iliyomo kwenye chakula, shaba inajaa kwenye ini, kwenye ubongo, hata kwenye jicho. Kibiwott ulimwanzia kwenye ini na Kemboi ukamwanzia kwenye ubongo, lakini ni ugonjwa mmoja. Baba na mama wote wawili huwa wamebeba mbegu yake bila kuugua wala kujua, na mtoto huugua akirithi kwa pande zote mbili. Nasambu alimtazama Sally. Daktari akamwambia kwamba huyo yaelekea alipata upande mmoja tu, wa baba, na hatakuwa na neno. Aliyemtaka haraka ni Chesang.

Kabla hawajatoka alimwambia Nasambu, "Mama, ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshashika kalamu nimwandikie dawa za kutuliza akili. Barua zako ndizo zimenizuia."

Chesang aliletwa mwezi uliofuata, amekasirika kwa kukosa mtihani wa hesabu, mzima kabisa. Mkojo wake ulikuwa na shaba nyingi kupita kiasi, na duara jembamba lilikuwa limeshaanza machoni. Alianza dawa kabla ya kuugua hata siku moja, na hakuugua.

Kwa Kemboi haikuwa rahisi hivyo. Dawa ilitoka Nairobi, na miezi miwili ya kwanza alizidi kutetemeka mpaka Nasambu akadhani anamuua kwa mkono wake. Daktari alikuwa amemwonya kwamba itakuwa hivyo, kwa hiyo akaendelea kumpa. Mwezi wa saba wa dawa Kemboi alikunywa chai kikombe kizima bila kumwaga. Mwaka uliofuata alirudi kufundisha, shule nyingine, mwendo ukiwa wa pole na maneno yakitoka moja moja.

Mwaka wa 1993 Daktari Thuo aliomba barua zile azionyeshe kwenye mkutano wa madaktari na maafisa wa kliniki huko Bungoma. Nasambu alikataa, kwa sababu ya ile mistari ya mwisho. Kemboi ndiye aliyecheka. "Wasome tu," alisema. "Watajifunza mambo mawili." Nasambu hakukubaliana naye hapo. Alikata vipande vya kitambaa cheupe na kushonea juu ya kila mstari wa siri, mishono mipana ya kufumuliwa, na barua zikapita mkono kwa mkono ukumbini zikiwa zimevaa hivyo. Alipoulizwa kama ana la kuwaambia wataalamu, alisimama.

"Mkiambiwa mtu amelewa, mnuseni kwanza," alisema. "Halafu muulizeni mama yake amezika nani."

Wengi waliandika.

Miaka miwili baadaye mwanamke aitwaye Rahab alifika Kiminini na binti yake wa miaka kumi na minne, Nasimiyu. Msichana alikuwa ameanza kuangusha vikombe, na kaka yake alikufa macho yakiwa manjano. Muuguzi mmoja wa Sirisia, aliyekuwa ukumbini siku ile, aliwauliza maswali mawili na kuwatuma kwa Daktari Thuo. Toka kikombe cha kwanza kuanguka mpaka dawa ya kwanza zilikuwa wiki tano. Rahab alitaka tu kumwona mtu ambaye ameimeza dawa hiyo akaishi.

Kemboi alimkalisha Nasimiyu kwenye kochi. Alimwambia kwamba ni ya maisha yote, kwamba inaacha ladha ya chuma mdomoni, na kwamba maini, yaliyojaa shaba, ayasahau kabisa. Msichana aliuliza na uyoga je. Kemboi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, wote wawili wakaanza kuhesabu kwa vidole vyakula vitamu walivyokatazwa, wakibishana kipi kinauma zaidi.

Rahab alikuwa anafuta machozi. Nasambu alimwachia nafasi, akaenda jikoni kuongeza maji ya ugali.